Tanga hadi New York kupitia Nairobi: hesabu ya ubaoni na safari yenyewe

Tangu nirudi naulizwa maswali mawili: nauli ni kiasi gani, na ndege inakaa angani saa ngapi. La kwanza nitalijibu njiani. La pili ndilo lililonifanya nitembee na daftari mfukoni, maana mimi ni mwalimu wa hisabati, na kila mwaka nafundisha kidato cha nne mada ya dunia kama tufe hali ya kuwa mwenyewe nilikuwa sijavuka zaidi ya Mombasa. Haya nimeyaandika nikiwa nyumbani, kwa kuunganisha vipande vya daftari na picha za simu. Saa ninazotaja ni za Kiswahili, na pale ninapoongelea saa za New York nitasema.

Kabla ya kuondoka

Dada yangu anaishi Bronx, New York. Mwanawe alikuwa amemaliza chuo, na Idd el-Hajj ilikuwa inaangukia likizo ya Juni, basi akasema safari hii sina kisingizio. Habari za visa nazipitia haraka: mwaka 2024 ada ya ombi ilikuwa dola 185, mahojiano yalikuwa Dar, na pesa ilikuwa hairudi ukikataliwa. Mimi nilipata.

Kwenye kuchagua tiketi ndipo penye utamu. Kutoka Afrika Mashariki njia za kufika New York ni nyingi, lakini ya moja kwa moja ni Nairobi, ambako Kenya Airways walianza kuruka hadi uwanja wa JFK Oktoba 2018 kwa Boeing 787. Nyingine zote zinakuzungusha. Chukua Doha: Nairobi hadi Doha ni kama kilomita 3,350, kisha Doha hadi JFK kama 10,770. Jumla imepita 14,100. Ya moja kwa moja nilipata 11,835. Tofauti hiyo inakaribia kabisa kutoka Dar hadi Johannesburg, na hujahesabu saa za kukaa uwanjani ukisubiri ndege ya pili. Nikalipa dola 1,180 kwenda na kurudi. Ya kupitia Doha ilikuwa rahisi kwa dola 90 hivi. Kila mtu na mfuko wake.

Hiyo 11,835 nimeipataje? Vitabu vya kidato cha nne huishia kwenye miji miwili iliyo kwenye longitudo moja, au latitudo moja. Nairobi na New York haziko kwenye yoyote. Uwanja wa Nairobi uko nyuzi 1 dakika 19 kusini, 36 na 56 mashariki. JFK iko 40 na 38 kaskazini, 73 na 47 magharibi. Moja mashariki, nyingine magharibi, kwa hiyo longitudo unajumlisha, hutoi: nyuzi 110 dakika 43. (Wanafunzi wangu hapa huanguka kila mwaka.) Kisha unazidisha sini ya latitudo moja kwa sini ya nyingine, unazidisha kosini kwa kosini kwa kosini ya tofauti ya longitudo, unajumlisha hayo mawili. Jibu ni kosini ya pembe iliyopo katikati ya dunia kati ya viwanja hivyo. Nairobi iko kusini, basi sini yake ina alama ya kutoa, usiisahau. Nilipata kutoa 0.2833, yaani pembe ya nyuzi 106.46. Chukua nusu kipenyo cha dunia kilomita 6,370 kama tulivyozoea shuleni, umemaliza.

Asiyetaka kosini achukue uzi. Tufe la ofisini kwetu lina kipenyo cha sentimita 30. Uzi uliovutwa ukakaza kutoka Nairobi hadi New York ulitoka sentimita 28, na kwa tufe la ukubwa huo kila sentimita ni kilomita 425. Hiyo ni 11,900. Uzi wa kushonea umepishana na kikokotoo kwa kilomita 65 tu.

Uzi huo ulinionyesha na jambo lingine. Ukiweka rula kwenye ramani ya ukutani, mstari kutoka Nairobi unatoka Afrika pale Mauritania. Uzi wa kwenye tufe unapanda juu zaidi: Uganda, Sudan Kusini, kona ya Darfur, Chad, Niger, Algeria, hadi Moroko, na unaingia baharini karibu na mji wa Safi. Nusu ya safari, kwa hesabu, inaangukia milima ya Atlas, mashariki kidogo ya Marrakech. Kwa kufuata rula ungeruka kama kilomita 12,190. Ramani iliyonyooshwa inakudanganya kilomita 350, na inakudanganya kwa upole kiasi kwamba hata kwenye vyumba vya walimu kuna wanaoiamini.

Kwa atakayetafuta umbali huu kwenye majedwali: utakuta pengine 7,350 na pengine 6,390. Usishangae. Ya kwanza ni maili za nchi kavu, ya pili ni maili za baharini, ambazo ndizo za marubani, moja ikiwa kilomita 1.852. Umbali ni ule ule. Na tumia latitudo na longitudo za uwanja, si za mji; kuna viwanja vilivyo mbali sana na mji ambao vinabeba jina lake.

Muda nao niliukadiria kishuleni. Ndege ya aina hiyo huenda kama kilomita 900 kwa saa ikiwa juu. Gawanya, unapata saa 13 na dakika 9. Ongeza nusu saa ya kupanda na kushuka, saa 13 na dakika 40. Lakini tiketi iliandika karibu saa 15 kwenda, na karibu 14 kurudi. Nikaandika kwenye jalada la daftari: *kuna nini hapa katikati?*

Jumanne, 11 Juni 2024: Tanga, Horohoro, Mombasa

Nilipanda Coaster saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Lami ni nzuri hadi mpakani na saa mbili hazikutimia. Horohoro na Lunga Lunga sasa wanahudumia abiria kwa pamoja: ukienda Kenya unagongewa mihuri yote upande wa Kenya. Mtanzania hahitaji visa, ila kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano wanaitaka. Kijana aliyekuwa mbele yangu hakuwa nayo, akatolewa pembeni, na sikujua alimaliziaje.

Nilibadilisha pesa kidogo pale pale, shilingi moja ya Kenya kwa takriban 20 za kwetu. Badilisha ya kukufikisha Mombasa tu, mjini bei ni nzuri zaidi.

Matatu ya kwenda Likoni haikuondoka mpaka ijae, na ilichukua saa moja na nusu kujaa. Utingo alikuwa anaita "twende, twende, wawili tu!" na sisi ndani tulikuwa watano. Mama mmoja wa Msambweni aliyekuwa na ndoo ya maembe alinigawia moja pamoja na kisu, akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia Marekani. Akalitazama begi langu, akaitazama matatu, akasema, "Basi na wewe umeianza mbali, baba."

Likoni, feri kwa waenda kwa miguu ni bure. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, na pale geti lilipofunguliwa watu walikwenda kama maji yaliyofunguliwa bomba. Begi langu lina gurudumu moja bovu. Kijana mmoja wa mkokoteni alilinyanyua bila kuuliza, akalibeba kichwani hadi ndani ya feri, akalitua karibu na ukingo. Nilipoingiza mkono mfukoni akasema, "Wacha, mwalimu, mimi nilikuwa navuka vilevile." Alijuaje kuwa mimi mwalimu, sijui. Labda kalamu mbili mfukoni.

Mombasa nililala gesti ya Mwembe Tayari. Viazi karai na ukwaju kibarazani, halafu mahamri na mbaazi usiku, shilingi mia mbili na hamsini za Kenya kwa vyote, na chai ya tangawizi juu.

Jambo moja kwa Watanzania: tiketi ya treni nilikuta inalipwa kwa M-Pesa ya Kenya. Laini yangu ya nyumbani haikusaidia kitu. Dada wa mapokezi gesti aliniita, akaninunulia kwa simu yake, nikampa taslimu. Alikataa hata ya kutolea. Nunueni mapema, viti vya daraja la kawaida huisha.

Jumatano, 12 Juni: Mombasa hadi Nairobi kwa treni

Kituo cha treni kiko Miritini, si mjini, kwa hiyo toka mapema. Kabla ya kuingia mnapanga mabegi chini kwa mstari, mnarudi nyuma, na mbwa anapitishwa anayanusa moja moja. Begi langu lilikuwa na khanga, karafuu na pilipili manga. Mbwa alisimama kwenye karafuu, akapiga chafya, akaendelea. Askari mwenyewe alicheka.

Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya tangu Januari 2024; zamani ilikuwa 1,000. Nilichukua treni ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani: Mariakani, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na vinginevyo. Reli hii ni takriban kilomita 472 na tulitumia kama saa sita. Tsavo niliona tembo wekundu kwa udongo, kundi zima, na behewa lote likahamia madirisha ya upande mmoja. Kituo cha Nairobi kiko Syokimau, na huo ndio uzuri wake kwa msafiri wa ndege, maana uwanja uko jirani na huna haja ya kuingia mjini kwenye foleni za magari.

Teksi ya Syokimau hadi uwanjani patana kabla hujapanda. Kwenye geti la uwanja abiria wote mnashushwa garini, mnapita kwenye ukaguzi kwa miguu, gari linakaguliwa peke yake, mnakutana mbele. Kaa na pasi yako mkononi, usiiache garini.

Nilifika mapema mno. Nilikaa nikakokotoa: Tanga hadi Nairobi nilikuwa nimesafiri kama kilomita 640 kwa siku mbili. Zilizobaki 11,835 zilitakiwa kuisha kabla ya mchana wa kesho.

Usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi: angani

Tuliondoka kuelekea saa sita usiku. Jirani yangu alikuwa nesi mzaliwa wa Kisii anayeishi New Jersey, amepiga njia hii mara nyingi. Alipoona daftari na saa ya mkononi akauliza kama mimi ni mkaguzi. Nikamweleza. Akasema, "Haya mwalimu, wewe hesabu, mimi nalala. Ukifika jibu uniamshe." Akajifunika blanketi na kweli akalala.

Kioo cha mbele ya kiti kina ramani, na ndiyo niliyoitazama kama wengine walivyotazama filamu. Tulipita juu ya Uganda, hapo uzi wangu ulikuwa sahihi. Baadaye ndege ikaenda kushoto zaidi ya uzi. Sehemu kubwa ya anga la Sudan ilikuwa imefungwa kwa ndege za abiria tangu vita ilipoanza Aprili 2023, na hata kona ndogo ya Darfur ambayo mstari wa hesabu unaikata haikupitwa. Hilo hakuna kosini itakayokwambia. Njia ya ndege huamuliwa na vita, na ada za anga, na mawingu ya radi, na upepo. Duara kuu, yaani ile njia fupi ya uzi kwenye tufe, ni pale pa kuanzia tu.

Upepo sasa. Juu ya Sahara kioo kilisoma mwendo wa kilomita 870 kwa saa juu ya ardhi. Tulipoingia Atlantiki ukashuka: 840, 825, mara moja 798. Injini hazikupunguza kitu. Ndege ilikuwa inaenda kwa kasi ile ile ndani ya hewa, ila hewa yenyewe ilikuwa inakuja mbele yetu. Kwenye latitudo za kati, kule juu ndege zinakopita, upepo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na ndani yake mna mikondo myembamba yenye nguvu sana. Anayetoka Afrika kwenda Amerika anaupanda kama mlima. Mhudumu mmoja, binti mwenye lafudhi ya Pwani, nilimuuliza kama hali hii ni ya kila siku. Akaniambia, "Mwalimu, Juni ni nafuu. Njoo Januari uone." Ndivyo ilivyo, wakati wa baridi kaskazini mikondo hiyo huwa mikali zaidi.

Chakula: kuku na wali usiku, mayai na soseji asubuhi (ulizia mapema kama una masharti), na katikati wanapitisha vitu vidogo vidogo. Maji ombeni, wanatoa bila kinyongo.

Jambo ambalo darasani huwa nalitaja kwa sentensi moja, na sasa nitalitaja kwa heshima zaidi, ni usiku wenyewe. Jua lilizama Nairobi saa kumi na mbili na nusu. Saa yangu, ambayo sikuibadilisha, ilipofika saa mbili asubuhi, wakati ambao siku za shule Tanga watoto huwa wako darasani, nje ya dirisha kulikuwa bado giza. Tulikuwa tunakimbia tukielekea kule kule usiku unakokimbilia. Kulipambazuka saa tatu hivi kwa saa ya Tanga, ramani ikiwa inaonyesha visiwa vya Azores kushoto kwetu. Usiku wa karibu saa 15, mimi mtu wa karibu na ikweta ambaye maisha yangu yote usiku ni kama saa 12. Abiria wachache walifungua dirisha. Mwanga ulikuwa wa rangi ya chai ya rangi iliyopoa, chini mawingu tupu. Swala ya alfajiri niliiswali kitini, na kujua wakati wake umeingia ilibidi nitegemee dirisha badala ya saa.

Kutoka magurudumu kuacha ardhi hadi kuigusa tena: saa 14 na dakika 20. Gawanya 11,835 kwa muda huo, wastani ni kilomita 826 kwa saa. Kumbe kanuni yangu ya 900 inafaa ndege isiyo na upepo, na ndege ya namna hiyo haipo. Nilimwamsha nesi nikampa jibu. Akasema, "Sawa. Na foleni ya uhamiaji umehesabu?"

Alhamisi, 13 Juni: JFK hadi Bronx

Foleni ilikula saa moja na dakika arobaini. Fomu wanataka utaje chakula ulichobeba. Taja, hata karafuu. Nyama na matunda mabichi usijaribu. Afisa alinusa mfuko wa karafuu, akanirudishia, akasema kitu kuhusu keki ya mama yake.

New York wakati wa kiangazi iko nyuma yetu kwa saa saba. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha saa nyuma na tofauti inakuwa nane, hadi Jumapili ya pili ya Machi. Ndio maana tiketi ya Desemba na ya Juni zinaweza kuonyesha saa tofauti za kutua kwa safari ile ile. Ukitaka muda halisi kutoka kwenye tiketi, geuza saa zote mbili ziwe za Tanga, halafu utoe. Ukitoa moja kwa moja utadhani umesafiri saa nane, na kurudi utadhani umesafiri ishirini na moja.

Teksi hadi Bronx niliambiwa bei nikatabasamu tu. Treni ya uwanjani hadi kituo cha Jamaica ilikuwa dola 8.50 mwaka huo wa 2024, na treni ya mjini 2.90. Kutoka hapo nilichukua treni ya E hadi Lexington, nikabadilisha kwenda treni namba 6, bila kulipa tena. Ngazi zilikuwa nyingi na gurudumu bovu likawa mawili. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya timu ya besiboli alishika mkono wa pili wa begi, tukapanda nalo ngazi zote bila kusemezana neno, juu akanipungia akaenda zake.

Kutoka mlango wa nyumba yangu hadi wa dada yangu: kama saa 60, ndege ikiwa imechukua 14 na dakika 20.

Ijumaa hadi Jumatatu

Nililala saa za ajabu. Saa nane usiku macho makavu, saa tisa alasiri naanguka kama gunia. Ikaisha siku ya nne.

Idd ilikuwa Jumapili tarehe 16. Swala ilikuwa nje, watu wa Bangladesh, Gambia, Yemen na sisi, na baadaye pilau la dada kwa karafuu zilizonusiwa na mbwa wa Miritini. Nilipopiga simu Tanga wao walikuwa bado wamefunga, Idd yao ni kesho yake. Mahafali yalifanyika kwenye sebule, na mpwa wangu akalazimishwa kuvaa joho tena kwa ajili ya picha.

Jumanne, 18 Juni: tufe kubwa la Queens

Hili nililipanga tangu nyumbani. Katika bustani ya Flushing Meadows, eneo la Queens hapo hapo New York, kuna tufe la chuma kisichoshika kutu liitwalo Unisphere, lililojengwa kwa maonyesho ya dunia ya mwaka 1964. Kimo chake ni kama mita 43, na tufe lenyewe lina kipenyo cha takriban mita 36.6. Unashuka treni namba 7 kituo cha Mets–Willets Point, unatembea kidogo. Hakuna kiingilio.

Bahari ni uwazi mtupu, mistari ya latitudo na longitudo imepindwa kwa chuma, na mabara yamebandikwa juu yake kama mabati. Imelazwa mshazari kama dunia inavyolala. Nilizunguka mpaka nikaiona Afrika Mashariki kwa chini, kifua cha bara kikiwa kinanitazama, halafu nikaendelea kuzunguka hadi Amerika ya Kaskazini ikatokea. Ni vigumu kuziona zote mbili vizuri ukiwa umesimama mahali pamoja, na ni halali yake, maana pembe baina yake imezidi nyuzi 90: moja ikikutazama usoni, nyingine iko upande wa nyuma. Kwa tufe la ukubwa ule uzi kutoka Nairobi hadi New York ungehitaji mita 34. Nilikaa kwenye ukingo wa bwawa nikalichora kwenye daftari, na mtoto mmoja wa kama miaka kumi, mwenye skuta, akasimama akaniuliza nachora nini. Nikamwonyesha kidole, nimetoka pale, nimefika huku. Akatazama kwa muda, akauliza kwa nini ndege haikukata ndani kwa ndani. Ni swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa darasani. Kwa ndani, kama tufe lingetobolewa, ni kilomita 10,200 na ushei. Nilimpigia hesabu hiyo pale pale, lakini alikuwa ameshaondoka.

Wali na kuku wa kigari cha halali: dola 10. Sahani moja inatosha watu wawili wa Tanga.

Ijumaa, 21 Juni kuamkia Jumamosi: kurudi

Ndege ya kurudi huondoka mchana kwa saa za New York. Safari hii kioo kilikuwa rafiki. Kabla hata ya nusu ya Atlantiki mwendo ulisoma 960, kisha 1,010, kisha 1,038. Ndege ya aina ile ile, mzigo karibu ule ule, upepo sasa uko mgongoni. Usiku nao ulikuja mbio kutupokea: jua lilizama saa sita usiku kwa saa ya Tanga, na kabla ya saa moja kasoro dakika kumi asubuhi lilikuwa limeshachomoza kaskazini ya Uganda. Usiku wa kama saa saba.

Angani: saa 13 na dakika 5. Wastani kilomita 905 kwa saa. Ukichukulia njia kuwa moja, nusu ya tofauti ya hizo wastani mbili ni kama kilomita 40 kwa saa, na huo ndio msukumo wa upepo uliosawazishwa safari nzima. Mbona mdogo, wakati juu ya bahari nilisoma mwendo umeongezeka zaidi ya mia? Kwa sababu kuanzia Sahara kuja kwetu upepo huo wa magharibi unafifia, na sehemu nyingine za tropiki wakati huu wa mwaka unavuma kinyume.

Kwa mtu anayetaka kukadiria safari yake bila kuhangaika: gawanya umbali wa duara kuu kwa 850, ongeza nusu saa. Unaenda magharibi mbali kwenye latitudo za kaskazini, ongeza tena nusu saa hadi saa nzima. Unarudi mashariki, punguza nusu saa. Kwa safari za kaskazini kwenda kusini, kwa mfano Dar hadi Johannesburg, usiongeze wala usipunguze. Dar hadi Guangzhou, kwa wafanyabiashara wanaouliza, kwa hesabu ile ile ni kama kilomita 8,700, gawanyeni wenyewe.

Jumamosi na Jumapili, 22 na 23 Juni: Nairobi, Mombasa, Tanga

Treni ilikuwa imejaa. Nilipanda basi la usiku hadi Mombasa, lilichelewa kuondoka kwa saa mbili na nusu, na kiti changu kilikuwa hakilali. Asubuhi mahamri, feri, matatu, mpaka.

Upande wa Horohoro afisa wa afya aliitazama kadi yangu ya njano, akaitazama stika ya mzigo ya JFK iliyokuwa bado imening'inia kwenye begi.

"Umetokea wapi, mwalimu?"

"New York."

"Kwa matatu ya Lunga Lunga?"

"Kipande cha mwisho."

Akagonga meza akamwita mwenzake aje aione. Coaster ya Tanga ilikuwa inapiga honi, nikalivuta begi kwa magurudumu yake mawili yaliyobaki. Nauli ya kipande hicho, shilingi elfu tano.